Nati ya Breki ya Nyuma

Bigwa nzima ilijua kwamba fundi Hashimu ana kichaa cha nati. Mpelekee pikipiki akubadilishie bomba tu, uone. Bomba atafunga, halafu atazunguka chombo kizima na spana mkononi, anajaribu nati moja baada ya nyingine, mbele mpaka nyuma, na kila aliyoikaza anaitia doa la rangi nyekundu ya kucha. Akimaliza, anaanza upya. Wateja wenye haraka walinuna. Vijana wa bodaboda walimtania: "Mzee, hii pikipiki au bibi harusi?" Yeye anasogea kwenye nati inayofuata.

Waliomjua zamani wanasema hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa fundi wa magari kwenye kiwanda kimoja mjini Morogoro, kiwanda kikafungwa, akahamishia kazi nyumbani, chini ya bati alilolipachika ubavuni mwa nyumba. Siku hizo alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi wa mdomo, anafunga injini huku anapiga soga na jirani wa ng'ambo ya barabara. Na kazi ilikuwa ya nyumba nzima. Mkewe, Mwanvita, aliosha vipuri kwa petroli ndani ya karai. Binti yake mdogo, Shadya, alishika spana kabla hajajua kusuka ukili, na mama yake alishalalamika mpaka akachoka. Mtoto wa kwanza, Halidi, ndiye aliyekuwa mpandaji: chombo kikishafungwa, yeye anakipeleka mpaka darajani na kurudi, kisha anatoa hukumu.

Sheria ya pale chini ya bati ilikuwa moja tu. Aliyefungua ndiye anayefunga. Ukifungua nati, mvua ije, mgeni aje, huinuki mpaka umeirudisha mahali pake, au umemwita mwenzako ukamwonyesha kwa kidole: hii hapa bado. Hashimu ndiye aliyeiweka sheria hiyo, na watoto walishaonja makofi kwa kuivunja. Siku moja akaivunja yeye.

Ilikuwa Ijumaa, miaka tisa iliyopita, mwezi wa mvua. Halidi alikuwa na Honda yake nyekundu, mia na kumi, zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba zamani. Aliinunua ikiwa mifupa mitupu, wakaifufua wote wanne, mwaka mzima, kipuri hiki leo na kile mwezi ujao. Asubuhi hiyo Hashimu alikuwa anabadilisha viatu vya breki ya nyuma. Alikwisharudisha gurudumu, alikwisharudisha cheni. Ikabaki nati moja, ile inayofunga mkono wa chuma unaoshika sahani ya breki isizunguke. Adhana ikamkuta hapo. Khutba itaanza, udhu hana, mikono yote grisi! Akanyanyuka haraka akaenda kunawa, akajisemea moyoni: nikirudi nitaifunga.

Aliporudi kutoka msikitini, Honda haikuwepo. Halidi alikuta gurudumu liko mahali pake na cheni imekaa, akadhani kazi imekwisha, akapanda zake Kinole kwa wajomba kuchukua machungwa. Jioni akiwa anateremka na mzigo, kwenye kona yenye korongo, gurudumu la nyuma lilikwama ghafla, pikipiki ikalala, ikamtupa chini kwenye mawe, hakuamka tena. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa amekwisha kuwatajia wazazi binti wa watu anayetaka kumwoa.

Watu walisema mwendo. Wengine wakasema changarawe, mvua imechimba barabara. Hashimu akasema ndiyo, changarawe. Lakini alikumbuka kuifungua ile nati, na hakukumbuka kuifunga. Alijitahidi kukumbuka mpaka kichwa kikauma. Labda aliigusa kwa vidole tu. Labda aliiweka kwenye bolti akaizungusha mara mbili. Labda ilibaki pale chini kwenye mkeka na kuku akaipiga teke. Honda ilirudishwa na gari la mizigo, ikawekwa nyuma ya nyumba, akaifunika turubai bila kuitazama. Angeweza kuinua turubai siku yoyote akajua. Hakuinua. Nani ana moyo huo?

Basi ikawa hivyo. Kila alasiri, jua likiwa bado kali na watu wako kwenye shughuli zao, Hashimu anaisikia Honda. Si pikipiki yoyote. Barabara ile zinapita mia, na fundi hawezi kukosea mlio wa chombo alichokifunga kwa mikono yake. Anaisikia inatoka darajani, inapunguza gia kwenye kimlima, inakata kona ya uzio, inafika nje ya geti. Halafu inazimwa. Yeye anabaki na spana hewani akingoja geti lilie. Halilii.

"Baba, nini?" Shadya anamuuliza.

"Hamna. Nipe tambara."

Na mara nyingine, saa hiyohiyo, alimwona Mwanvita pale kwenye karai lake naye ameinua kichwa, mikono imesimama ndani ya petroli, macho getini. Mtu na mkewe, hatua nne kati yao, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake unasikiliza nini. Waliishi hivyo miaka tisa, wakala, wakafunga Ramadhani, wakafungua.

Mwaka huu, baada ya Idi, Mwanvita akachoka. Alikuwa anasuuza kabureta ya mtu, akaiweka chini, akasema bila utangulizi wowote:

"Ifufueni ile Honda."

Hashimu akajifanya hajasikia.

"Nasema na wewe, Hashimu. Ifufueni. Shadya anipakie, tuipandishe Kinole."

"Ya nini? Magari ya Kinole yapo kila siku. Nitakukodia Noah nzima, ukae peke yako kama mke wa waziri."

"Sitaki Noah. Usinifanye mjinga, naiona shingo yako inavyogeuka kila alasiri. Unaisikia. Na mimi naisikia. Ile pikipiki inakuja mpaka getini inaishia hapo, kwa sababu safari yake haijafika. Alitoka nayo hapa, hakurudi nayo hapa, na huko kwa wajomba hayuko nayo. Tuifikishe alipolala, imzimikie palepale, apumzike. Na sisi tupumzike."

Halidi alizikwa Kinole, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na huko ndiko kwao hata kama amezaliwa na kukulia Bigwa. Mwanvita alikuwa na haki ya kusema. Hashimu akatafuta visingizio. Kabureta ya Honda hiyo haipatikani tena. Shadya akaipata Mikese, kwa mzee mmoja aliyekuwa nayo kwenye gunia la vyuma. Cheni saizi yake haipo. Ikapatikana. Matairi yameoza. Shadya akanunua matairi. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, amepita chuo cha ufundi, ana mkono mzuri kuliko wanaume wengi wa Barabara ya Matombo, utamzuia kwa kisingizio gani?

Jumamosi asubuhi Shadya akalivuta turubai.

Hashimu akaanzia mbele. Akafungua taa, akafunga taa. Akasafisha plagi mara tatu. Akaifungua kabureta akampa Mwanvita aoshe, na Mwanvita akaosha kwa upole, kipande kwa kipande, kama anayemwogesha mtoto. Usukani ulikuwa umepinda, wakaunyoosha. Kila Shadya akitaka kwenda nyuma, baba yake anampa kazi nyingine ya mbele. Mpaka adhuhuri mbele pakawa hapana tena cha kufanya.

"Baba," Shadya akaita, amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. "Hapa kuna bolti haina nati."

Ikabidi aende. Akapiga magoti, akafuta vumbi na kutu kwa kidole gumba. Bolti ilikuwa imesimama, na uzi wake, ile mikato inayoshika nati, ulikuwa mzima, mzunguko kwa mzunguko. Fundi anasoma uzi kama unavyosomwa mwandiko wa barua. Nati iliyokazwa ikang'oka kwenye ajali huondoka na uzi, hukwangua, huacha jeraha. Hii haikung'olewa na kitu. Ilitoka yenyewe taratibu kwa mtikisiko wa barabara, kwa sababu hakuna aliyeikaza.

Hashimu akakaa chini palepale kwenye oili.

"Mwanvita," akasema. "Njoo."

Akamwambia yote, adhana, grisi, mikono, nikirudi. Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mteja ubovu wa gari. "Si changarawe," akamaliza. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemuua mwanao."

Mwanvita akajifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani.

Siku tatu hakumsemesha. Tusidanganyane, chakula alikipata: ugali uliwekwa mezani, maji ya kuoga yaliwekwa bafuni. Lakini neno, hakuna. Hashimu akimwambia usiku mwema, anajibiwa na ukuta. Karai la petroli likakauka. Shadya alikuwa anazunguka katikati yao hajui ashike wapi, akiuliza hili kwa baba na lile kwa mama, anarudi mikono mitupu. Hashimu aliona heri angetukanwa. Heri angefukuzwa nyumba. Aliwaza kwamba baada ya miaka thelathini na minne ya ndoa, mwanamke yule anahesabu tu siku za kufunga mizigo arudi Kinole kwa kaka zake, na yeye mwenyewe asingekuwa na neno la kumzuia. Hata kula aliacha, akawa anakunywa chai ya rangi na kutazama geti.

Siku ya tatu, mchana, alimsikia nyuma ya nyumba anaongea na simu. Kiluguru, haraka haraka, sauti ya chini. Alipojitokeza kwenye kona, Mwanvita akakata simu, akapita ubavuni mwake bila kumtazama. Hashimu akajua ndiyo basi, anawaita kaka zake.

Kesho yake geti likasukumwa kwa teke.

"Hodi wezi! Hodi nyumba ya wezi wasiolipa! Mmenitafuta sana eti?"

Haikuwa kaka yake Mwanvita. Alikuwa Abdulmajid wa Kinole, mzee mfupi mwenye kofia imekaa upande, mtani wa ukoo wa kina Mwanvita. Na mtani wa Kiluguru, kama humjui, omba usimjue siku ya msiba. Nyie mnalia, yeye anacheka. Nyie mmekaa mikekani, yeye kavaa koti la marehemu anaigiza anavyotembea. Anachukua sufuria, anachukua viatu, anachukua chochote, na hakirudi mpaka mkikomboe kwa kuku au kwa chochote atakachotaka. Ndiyo kazi yake. Bila yeye msiba haukamiliki na majonzi hayatoki. Kwenye matanga ya Halidi, palepale Bigwa, Abdulmajid alivaa kofia ngumu ya marehemu, akakimbia uwanja mzima akilia mdomoni kama Honda, mpaka kina mama waliokuwa wamelia siku mbili wakaanguka kwa kicheko. Hashimu alimchukia siku ile kwa moyo wote.

"Shikamoo babu," Shadya akamwamkia.

"Marahaba, mwizi mdogo. Mwizi mkubwa yuko wapi? Aa, huyu hapa, kakonda kama nyasi za Agosti. Hashimu! Miaka tisa nangoja jogoo wangu!"

"Jogoo gani, Abdulmajid?"

"Wa kukombolea." Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua kwa meno. Ndani yake kulikuwa na nati. "Siku ya matanga nilipita kule nyuma nilikoikuta pikipiki ya mtani wangu imelazwa. Nikasema nikichukua kofia watanilipa sasa hivi, nichukue kitu ambacho hawatakiona. Nikafungua hii nati ya breki ya nyuma, nikatia mfukoni. Nikangoja mniite. Mwanvita alikuwa amezimia, wewe ulikuwa umekufa umesimama, hakuna aliyeniita. Nikaondoka nayo. Nimeiweka ndani ya kopo la chumvi miaka tisa, mke wangu ananiuliza hiki nini, namwambia hii ni jogoo."

Shadya akafunika mdomo kwa viganja viwili. Mwanvita alikuwa ametoka mlangoni, amesimama kwenye ngazi, mikono imeshika fundo la khanga.

"Ilikuwa imekazwa?" Hashimu akauliza.

"Imekazwa? Ilinitoa jasho! Nilichubuka vidole, nikamtukana aliyeikaza na ukoo wake." Mzee akamrushia. "Chukua mali yako. Na jogoo awe mkubwa, miaka tisa ina riba."

Hashimu akaidaka. Ilikuwa nyeusi kwa masizi na mafuta ya zamani. Akaenda nayo kwenye gurudumu karibu anatambaa, akaiweka kwenye bolti, akaizungusha kwa vidole. Ikashika. Ikaingia mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, laini kabisa. Kitu kikapasuka kifuani mwake, akahema kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini. Subhanallah. Aliikaza! Kumbe aliikaza kabla ya kwenda kunawa, na changarawe ilikuwa changarawe kweli, na miaka yote hii alikuwa anajitesa bure!

"Spana," akasema, na Shadya akamwekea kiganjani spana namba kumi na mbili, bila kuuliza namba. Nati ya Honda ya saizi ile ni kumi na mbili. Hilo halihitaji kufikiri, na Hashimu mwenyewe Ijumaa ile aliifungua kwa kumi na mbili, hilo alilikumbuka vizuri sana.

Spana ikagota. Akaigeuza, akajaribu tena. Haikuingia. Akaifuta nati masizi kwa pindo la shati, akaitazama kwa karibu. Kichwa chake kilikuwa kumi na tatu. Uzi ni uleule, ndiyo maana iliingia vizuri, lakini kichwa ni cha nati za duka la vifaa vya ujenzi, za mageti na vitanda vya chuma, wanazozipima kwenye mizani. Chini ya masizi ilikuwa inang'aa.

Akainua macho kwa Abdulmajid. Mzee alikuwa ghafla ana shughuli na kuku wa jirani, anawahesabu. Na nani, Hashimu akajiuliza, nani alimwambia huyu mtu aliyeko Kinole kwamba hapa Bigwa kuna nati imekosekana, na kwamba ni ya breki ya nyuma?

Wala hakuhitaji kujibiwa. Aliikumbuka simu ya nyuma ya nyumba, sauti ya chini, jinsi ilivyokatwa. Kumbe siku tatu zile mke wake hakuwa anafunga mizigo. Alikuwa amelibeba lile neno peke yake, kwamba mume wangu amemuua mwanangu, analigeuza upande huu na upande ule, mpaka akaamua la kulifanya. Kisha akamtafuta mtu mmoja tu anayeruhusiwa kuja nyumbani kwao na uwongo mkubwa kama huo bila kuulizwa.

Shadya alikuwa ameiona kumi na mbili ikigota. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake pale kwenye ngazi. Akainama kwenye sanduku la spana, akatafuta, akatoa namba kumi na tatu, akaiweka taratibu kwenye kiganja cha baba yake.

"Imeingia?" Mwanvita akauliza kutoka mlangoni.

"Imeingia."

"Ndiyo yenyewe?"

Hashimu alitaka kusema siyo. Alitaka kumwambia, Mwanvita, mke wangu, siyo, na wewe unajua siyo, niache niubebe ni wangu. Lakini alimwona alivyosimama, vidole vyeupe kwa kulikamata fundo la khanga, anangoja jibu kwa mwili mzima.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Mwanvita akashusha pumzi. Tangu siku walipofukia kaburi hakuwahi kumwita mumewe kwa jina la mtoto wao. Alimwita Hashimu, alimwita fundi, alimwita wewe.

"Basi kaza vizuri, Baba Halidi," akasema, "tupande."

Hashimu akaikaza.